Samaki Huoza, Akiba Haiozi

Mkulima wa Meru au Embu hahitaji kufundishwa kwamba mbegu haziliwi. Hata njaa ikibisha mlangoni, mbegu huachwa darini zingoje mvua, wala mtamba hachinjwi kabla hajazaa. Lakini mtu huyo huyo akishika wavu na kuteremka bwawani, mara nyingi huisahau hekima ya baba zake, akala mbegu na mtamba kwa siku moja.

Zamani samaki hakuwa kitoweo cha watu wengi wa nchi hizo, na wazee walimdharau. Mambo yaligeuka Mto Tana ulipozibwa ili upatikane umeme. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji yalienea katika nyika za Mbeere, na perege na kambare wakapata makao mapana. Vijana walionunua nyavu wakapata kitoweo, karo za watoto na mabati ya nyumba.

Hasara huanzia kwenye jicho la wavu. Wavu wa macho mapana humwachilia mdogo, ukamnasa mkubwa ambaye amekwisha kuzaa. Wavu wa macho madogo, na juya likokotwalo mpaka ufukoni, havichagui. Tena yafaa kujua desturi ya perege: jike akisha kutaga huyakusanya mayai kinywani mwake, akayalea humo mpaka yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hukimbilia kinywa hicho hicho. Kwa hiyo avuapo mtu jike mmoja wakati huo, huangamiza ukoo mzima. Juma la kwanza kikapu hujaa. Baada ya misimu michache samaki huwa wadogo, na mvuvi, badala ya kungoja, hutafuta wavu wenye macho madogo zaidi. Hivyo umaskini huzaa umaskini.

Sheria ipo. Juya la kukokota ufukoni limekatazwa katika Kenya tangu mwaka 2001, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 yakataza pia kuvua kwa baruti na kwa sumu. Lakini askari hawezi kusimama kando ya kila mtumbwi usiku wa manane. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wenyewe vyama vya kusimamia fuo zao.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya bara tu. Maji ya Thuci, Mutonga na Kathita huingia Tana, na Tana humwagika katika Bahari ya Hindi. Hata mkunga wa mtoni huzaliwa baharini, akapanda mto angali mdogo, na akikomaa hurudi baharini kuzaa. Huko pwani, wavuvi wa Kuruwitu katika Kilifi waliona samaki wanapungua mwaka hata mwaka. Mwaka 2005 wakakubaliana kutenga sehemu ya bahari yao, kadiri ya hekta 30, isivuliwe kabisa. Haikuwa kazi nyepesi, maana mtu mwenye njaa huona uchungu kuacha maji aliyoyarithi. Lakini samaki walirudi, wakaongezeka, na wale wanaovuka mpaka hunufaisha mitego ya majirani. Walilofanya watu wa Kuruwitu, watu wa Masinga na Kiambere waweza kulifanya katika hori ambamo samaki huzalia.

Walio mbali na mabwawa nao wana njia yao. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki, 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, na Meru na Embu zilipata fungu lao. Vingi vilikauka baadaye kwa kukosa maji, chakula cha samaki na uangalizi. Lakini kidimbwi kitunzwacho vema huilisha nyumba bila kugusa akiba ya mto.

Mwisho, lawama si ya mvuvi peke yake. Anunuaye sokoni fungu la perege wachanga kwa kuwa ni rahisi, huyo ndiye alipaye ule wavu wa macho madogo. Akikataa yeye, na jirani yake akikataa, biashara hiyo itakufa yenyewe. Samaki wa leo huoza jioni. Aliyeachwa majini akue ndiye akiba, na akiba haiozi.