Nani Kamtoa Mume Wangu Kitandani?

Pole kwa joto. Kama uko Dar, Tanga au Zanzibar, huhitaji kuambiwa kwamba Februari hailaliki. Mwezi huu naanza na siri ya chumbani kwangu.

Mwaka jana wakati kama huu mume wangu alianza kuhama. Tunalala vizuri tu, ikifika saa tisa usiku nashtuka, mwenzangu yuko kwenye kochi sebuleni. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Huku napumua." Napumua! Na kurasa zote za mapenzi nilizohariri, nikajua tayari nimeibiwa. Nikanuna wiki mbili nzima.

Kumbe mwenzangu anaumwa. Kila asubuhi chafya, macho mekundu, kifua kinabana. Alipokwenda hospitali, daktari akamuuliza: unalalia nini?

Adui alikuwa utitiri wa vumbi. Usiuchanganye na kunguni. Huu haung'ati, na ni mdogo kiasi kwamba huuoni kwa macho. Chakula chake ni vipande vya ngozi vinavyotupukutika, na maji unayapata kwenye unyevu wa hewa. Ndiyo maana joto la pwani pamoja na jasho letu kwake ni sherehe. Kinacholeta chafya na kuamsha pumu ni kinyesi chake hasa. Kochi letu ni la ngozi, halina pa kuuficha. Kitandani je? Duveti nene la poliesta nililotunzwa kwenye kichen pati, halijawahi kuguswa na maji, na mito ya sufi ya tangu harusi. Aibu yangu.

Sasa shosti, ukienda dukani usibabaishwe na maandishi ya kwenye paketi. Pamba, kitani au mianzi, utitiri haujali jina. Jiulize mambo mawili: kitambaa hiki kinapitisha hewa? Kinavumilia maji ya moto? Kwa wengi wetu jibu ni shuka la pamba lililofumwa kwa kubana. Linyanyue kwenye mwanga. Ukiona vitundu, rudisha. Satini ya poliesta inapendeza kwa macho, lakini usiku inakugandisha na jasho, na mara nyingi lebo inakataza maji ya moto.

Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60. Maji hayo yanaunguza, kwa hiyo geuza kwa mti, na watoto wakae mbali. Kisha anika juani hadi yakauke kabisa. Mito ya sufi badilisha na inayofulika. Godoro livalishe kifuniko cha zipu kilichofumwa kwa kubana, ila hicho peke yake hakitoshi bila kufua. Na kujifunika? Khanga mwenzangu! Ni pamba, nyepesi, asubuhi unaifua, mchana imekauka.

Kama kifua kinabana au kinapiga filimbi, usiishie kwenye mashuka, nenda hospitali.

Mume wangu amerudi kitandani, na nimeshamwomba radhi. Kwa hiyo kabla hujapekua simu ya mwenzako, anza kupekua foronya.

Tukutane mwezi ujao!

Mhariri wako