Kufuli la Lipangalala

Mtu wa Ifakara akisikia kwamba Katiba ya Marekani ina kifungu kizima cha kuwazuia wanajeshi kulala katika nyumba za raia, kwanza hucheka. Kisha hueleza: hayo ni ya Wazungu waliogombana na mfalme wao. Jeshi la hapa Tanzania ni la wananchi, hata jina linasema, na mgeni hafukuzwi. Imani hiyo ni tamu mdomoni. Ni mbovu pia.

Tuanze na nyumba yenyewe. Mvua zikishika, familia nyingi za Lipangalala, hapa Ifakara, hugawanyika. Wenye nguvu huhamia bondeni, kwenye vibanda vya shambani na madungu ya kuamia ndege, wakakaa huko hadi mpunga uive. Mjini hubaki bibi na watoto wa shule, au hubaki kufuli tu. Baada ya mavuno magunia hupangwa chumbani au sebuleni, kwa kuwa wengi hawana ghala jingine. Nyumba hapo ni chakula cha mwaka, ada ya shule na mbegu ya msimu ujao, vyote chini ya bati moja.

Sasa hiyo hadithi ya Wazungu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1765 iliyowachukiza Wamarekani haikuwapeleka askari kwenye vitanda vya watu, kama wengi wanavyodhani. Iliwapeleka kambini, kambi zikijaa, kwenye nyumba za wageni na vilabu vya pombe, navyo vikijaa, kwenye mabanda, maghala na nyumba zisizokaliwa na mtu. Nyumba tupu, yaani! Kuni, mishumaa na chumvi vilikuwa juu ya wenyeji. Manung'uniko hayo ya kulazwa askari yaliingia katika tangazo lao la uhuru la 1776, na mwaka 1791 yakawa kifungu: wakati wa amani askari hakai nyumbani kwa mtu bila ridhaa ya mwenye nyumba, na wakati wa vita hukaa kwa utaratibu wa sheria tu. Meksiko nayo iliandika katazo la namna hiyo katika katiba yake ya 1917.

Mwaka huohuo wa 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ng'ambo ya mto Kilombero, Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani. Jeshi lao liliishi kwa kula kilicholimwa na wenyeji, hadi Wabelgiji na askari wao wa Kongo walipoiteka Oktoba. Wengi wa walioshika bunduki, pande zote mbili, walikuwa Waafrika kama wenye mashamba. Undugu huo wa ngozi haukurudisha hata kibaba kimoja chunguni.

Atakayesema lile lilikuwa jeshi la mkoloni na atazame Kivu, ambako wanajeshi wa taifa la Kongo wasio na kambi wamekuwa wakijibanza katika nyumba za wanavijiji wa taifa hilohilo. Au asiende mbali. Mwaka 2013, Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili iliwakusanya wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, wote wa kwetu. Malalamiko ya watu kupigwa, kuporwa na kuchomewa nyumba yalifika bungeni, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Jina la Jeshi la Wananchi lilikuwapo siku zote hizo.

Haki itendeke: dola hii inajua kuwalaza wenye silaha bila kubisha hodi kwa raia. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi Kongwa mwaka 1964. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa watawala wa wakati ule, na uamuzi hubadilika.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya 1977 inahifadhi maskani ya mtu, watasema wanasheria. Kweli, na neno maskani ni zuri, linamgusa hata mpangaji. Ila ibara hiyohiyo inaruhusu utaratibu wa kisheria wa kuiingilia haki hiyo, na ibara ya 30 inazikinga sheria zinazotungwa kwa ajili ya ulinzi na usalama wa jamii. Kuhusu askari kulala, hakuna neno.

Na ukarimu? Bibi wa Lipangalala anabishiwa hodi usiku. Kijana mwenye bunduki anamwamkia shikamoo, tena kwa adabu, anaomba pa kujilaza yeye na wenzake sita. Bibi ataitikia marahaba. Baada ya hapo atasema nini kingine?

Hata kifungu kilichoandikwa huteleza. Walinzi wa magereza wa New York walipogoma mwaka 1979, askari wa akiba waliingizwa katika nyumba ambazo walinzi hao walikuwa wamepangishiwa kazini. Mwaka 1982 mahakama ya rufani ilikubali kwamba kifungu cha 1791 kinamlinda hata mpangaji, lakini mwishowe maofisa walinusurika kwa hoja kwamba haki hiyo haikuwa wazi wakati huo. Miaka karibu mia mbili, na bado haikuwa wazi!

Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa iliahirishwa Aprili 2015. Mjadala ukirudi mezani, kifungu cha namna hiyo kiingie: kimtaje anayekaa ndani, wala si mwenye hati peke yake, kidai stakabadhi, muda na malipo hata wakati wa vita, na kimkumbuke aliye dunguni, ambaye kufuli lake linaning'inia mlangoni tangu Januari.