Risasi kwenye udongo: fidia imeamriwa, usafishaji je?

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha hukumu ya mwaka 2020 iliyowapa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari mtaani hapo kilifungwa mwaka 2014. Lakini madini ya risasi hayaozi. Yakishaingia udongoni hubaki hadi yaondolewe au yafunikwe. Ndiyo maana hukumu ya 2020 iliagiza pia udongo na maji visafishwe. Kwa mwenye mtoto mdogo, agizo hilo lina uzito kuliko fedha.

Kwa nini watoto huumia zaidi?

Mtoto hutambaa, hushika chini, kisha hutia mkono mdomoni. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na sumu hiyo huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa mjamzito, risasi iliyojikusanya mifupani hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Mabadiliko ya tabianchi yanahusikaje?

Ukame huinua vumbi. Mafuriko, kama yale ya El Niño mwishoni mwa 2023, husomba udongo hadi majumbani na visimani. Mtaa ukichimba mitaro kabla ya kushughulikia udongo wenye sumu, mitaro hiyo itaipeleka kwa majirani. Kwanza usafishaji, kisha mitaro, kisha nyasi na miti ya kushikilia ardhi.

Unachoweza kufanya sasa

- Mnawishe mtoto kwa sabuni kabla ya kula na kulala.
- Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia pakavu hutimua vumbi.
- Mpe vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu: maharagwe, dagaa, mboga za majani.
- Usitegemee kuchemsha maji, hakuondoi risasi.
- Omba kipimo cha damu, kwani dalili huweza kuchelewa. Usiache kunyonyesha kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Hatua hizi hupunguza hatari, lakini hazisafishi ardhi. Kwenye baraza, ulizeni: udongo utaondolewa lini, utapelekwa wapi, na nani atapima tena damu za watoto baadaye?