Nani Anabeba Machela?



Wapendwa waamini, kwa miaka mingi nimeingia katika nyumba zenye mgonjwa wa kiharusi, nikasali, nikasema, "Vumilieni, ndiyo mapenzi ya Mungu," kisha nikaenda zangu. Leo nakiri kwamba faraja ile ilikuwa nyepesi mno. Nilitambua hivyo mama yangu mzazi alipopooza upande wa kulia na kupoteza usemi. Yeye aliyenifundisha katekisimu hakuweza tena kutaja jina langu.

Wiki za mwanzo nilipima uponyaji wake kwa swali moja: atatembea lini? Kila jioni jibu lilikuwa lile lile, nami nikazidi kuvunjika moyo. Ndipo siku moja dada yangu akaanzisha rozari kando ya kitanda. Mama, ambaye mchana kutwa alishindwa hata kuomba maji, aliidaka Salamu Maria akaifikisha mwisho pamoja nasi. Mtaalamu alitueleza baadaye kwamba sala na nyimbo zilizozoeleka tangu utotoni huweza kubaki hata pale maneno ya kawaida yanapopotea. Sikuona sababu ya kupunguza shukrani yangu kwa Mungu eti kwa kuwa jambo lina maelezo.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu nyingine za ubongo huweza kujifunza kazi hiyo kwa mazoezi ya kurudiarudia. Nafuu huja haraka zaidi katika miezi ya mwanzo, ila yaweza kuendelea kwa miaka. Basi anayemficha mgonjwa chumbani kwa aibu, anayetafuta mchawi, au anayemwachisha dawa za shinikizo la damu ili angoje muujiza, anamnyima mgonjwa wake siku za thamani.

Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipatwa na kiharusi mwaka 1868, akiwa na miaka 45, na upande wake wa kushoto haukupona kabisa. Hata hivyo, mwaka 1885 alisimamia matibabu ya Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, kwa chanjo aliyoiandaa baada ya ugonjwa wake. Mwili uliodhoofika haukuwa mwisho wa wito wake.

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, aliyepooza anabebwa na watu wanne, wanaotoboa paa ili wamfikishe kwa Yesu. Bwana anaitazama imani yao. Katika parokia yetu, machela mara nyingi hubebwa na mtu mmoja: binti au mke, asiyelala, asiyefika Misa, wala hakuna amwulizaye, "Na wewe mwenyewe hujambo?"

Kwa maoni yangu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo yenye mgonjwa wa namna hii itoe watu wanne. Mmoja akae na mgonjwa Jumapili ili mwuguzaji aende Misa. Wa pili asaidie mazoezi, kwa jinsi wataalamu walivyoelekeza. Wa tatu asindikize kliniki. Wa nne, kama ni fundi, atengeneze mbao za kushikilia njiani kuelekea msalani. Nami msiningoje hadi pumzi za mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho tu.

Mama bado hatembei peke yake. Jumapili iliyopita aliuinua mkono wake wa kulia, ule uliolegea, ukafika nusu ya ishara ya msalaba. Dada yangu aliushika, wakaimaliza pamoja.

Mungu awabariki nyote, wagonjwa na wanaowabeba.

Padre wenu