Maili 200 za Njenga zahitaji ulinzi wa pamoja

Mvuvi wa Kipumbwi au Shimoni anapoambiwa kuwa bahari ya nchi yake inafika maili 200 kutoka ufukweni, ni nadra kutajiwa jina la Frank Njenga, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Kenya.

Mwaka 1971, mjini Colombo, Njenga alipeleka wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari mbele ya Kamati ya Ushauri wa Kisheria ya Asia na Afrika. Mwaka uliofuata alilirudia mjini Lagos, na Agosti mwaka huo Kenya ikaliwasilisha Geneva, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya sakafu ya bahari. Mataifa yenye meli kubwa za uvuvi wa mbali hayakufurahi. Hata hivyo, Mkataba wa Sheria ya Bahari uliposainiwa Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, ukanda huo ulikuwa ndani yake.

Ukanda huo haukuwa wa samaki pekee. Nchi iliyopewa haki ya kuvuna ilipewa pia mamlaka na wajibu wa kulinda mazingira ya bahari. Nchi zisizo na pwani nazo hazikuachwa: kifungu cha 69 kinazipa haki ya kushiriki katika ziada ya samaki wa majirani zao.

Wapo wanaosema mambo ya bahari ni ya Dar es Salaam na Mombasa, na kwamba Kampala ina ziwa lake. Hoja hiyo inaishia Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Hapo ndipo mafuta ya Uganda yanapangiwa kupakiwa melini, na mkondo wa bahari wa pwani hiyo huelekea kaskazini. Yakimwagika, atakayeumia kwanza ni mvuvi wa Tanga, kisha wa Vanga, ng'ambo ya mpaka. Mauritius ililijua hilo mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipokwama kwenye mwamba na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta.

Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 unazitaka nchi za pwani zishirikiane panapotokea ajali ya namna hiyo. Lakini ni mkataba wa nchi za pwani. Uganda, mwenye mafuta, haimo. Pengo hilo ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuliziba.

Jumuiya iunde timu moja ya wanasheria na wataalamu wa bahari, iandae mpango mmoja wa kukabili mafuta yakimwagika, na iende na sauti moja London, kwenye Shirika la Kimataifa la Bahari. Muhimu zaidi, watu hao waachwe kazini kwa muda mrefu. Njenga hakushinda kwa hotuba moja. Alirudi na hoja ile ile kikao baada ya kikao. Mjumbe anayehamishwa kila baada ya miaka michache hujifunza istilahi tu, kisha huondoka.

Watakaolalamikia gharama ya timu hiyo wapige kwanza hesabu ya kusafisha mikoko ya nchi mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na baharini hakuna ukuta wa kujenga.