Puli Ikikwama, Weka Nyundo Chini (Na Wewe Mwenye Gari, Lipa)

Wasee, leo nasema kitu kitakachoniletea maneno Kianjai nzima, lakini wacha niseme. Nyundo si kifaa cha kutoa puli ya pampu ya stelingi. Na kama fundi wako bado anaitumia, nusu ya lawama ni yako wewe mwenye gari.

Kwa wale hawajawahi kufungua boneti: stelingi inakuwa nyepesi kwa sababu kuna pampu inasukuma oili kwa presha. Pampu inazungushwa na belti kutoka kwa injini, na belti inapita kwa kigurudumu kilicho mbele ya pampu. Hicho ndicho puli. Pampu ikianza kuvuja ama kulia, mara nyingi lazima puli itoke kwanza ndio kazi iendelee. Gari nyingi ndogo za siku hizi zinatumia mota ya umeme kwa stelingi, kwa hivyo hizo hazina hii stori. Lakini pikapu na matatu za zamani? Hiyo ndiyo maisha yao.

Sasa, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8. Sawa. Lakini likishaingia, nani analihesabia birthday? Likifika huku Tigania limepitia mikono kadhaa, limekula matope na vumbi, na puli imeshikana na shafti kwa kutu kama ndugu wa damu.

Halafu puli si za aina moja. Kuna yenye nati katikati. Unafungua nati, unadhani umemaliza, kumbe kutu bado imeshika. Kuna nyingine haina nati kabisa. Ilisukumwa kwa presha kiwandani ikakaa. Utatafuta nati mpaka jioni. Ukiiangalia vizuri, hiyo ina shingo yenye mfereji, na mfereji uliwekwa kwa kazi moja: pula ishike hapo.

Pula si uchawi. Inashika puli, skrubu yake inasukuma ncha ya shafti, unakaza na spana pole pole, puli inatoka yenyewe. Ile ya nati unaipuliza dawa ya kutu kwanza, unaiacha ilowe, halafu pula ishike karibu na katikati, si pembeni penye bati jembamba. Wakati wa kurudisha ile isiyo na nati, pia kuna kifaa cha kuivuta irudi ndani kwa skrubu. Nyundo haihitajiki kwenda wala kurudi.

Ukipiga je? Kila pigo linapita kwa shafti hadi ndani ya pampu, kwenye beringi na sili. Puli nayo inapinda kidogo tu, hata huoni kwa macho. Wiki mbili baadaye belti inalia, inacheza, siku moja inaruka. Stelingi inakuwa nzito ghafla, ukiwa kwa kona barabara ya Meru–Maua, na pikapu ya miraa iko nyuma yako haina hata nusu dakika ya kukungojea. Kwa gari zingine belti hiyo hiyo ndiyo inazungusha oltaneta na pampu ya maji. Hapo umebaki kando ya barabara ukisema "waliniuzia pampu feki." Buda, pampu haikuwa feki. Ilipigwa.

Najua jibu: "Fundi wangu ametoa puli na nyundo miaka yote." Ndio, zinatoka. Swali ni pampu iliishi muda gani baada ya hapo. Hiyo hakuna mtu huandika mahali.

Na sasa nirudi kwa mwenye gari. Unaenda kwa fundi, unambishania mia tatu, unasimama juu ya kichwa chake ukisema "harakisha, nina safari." Dawa ya kutu inataka muda. Pula inataka pesa. Umemnyima vyote viwili, halafu unashangaa akichukua nyundo? Nyundo ndiyo kifaa cha mtu aliyelipwa kidogo na kuharakishwa.

Mafundi nao, msijifiche hapo. Tuna chama za mbuzi, chama za sufuria, chama za kila kitu. Gereji nne zikichanga, si zinunue seti moja ya pula pale Kirinyaga Road, Nairobi, na wazungushiane? Anayeikopa alipe kidogo, pesa hiyo inunue kifaa kingine.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitamringia mtu karatasi. Lakini hata fundi aliyejifunzia juani anaweza kufanya mtihani wa NITA, kuanzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Ukiwa na cheti na pula, una haki ya kutaja bei yako bila kuomba msamaha.

Kwa hivyo safari ijayo ukipeleka gari, kabla ya kuuliza "ni pesa ngapi," uliza "fundi, uko na pula?" Akisema iko, usimbishanie. Akisema hana, lipa kitu kidogo akaikope kwa jirani, na ungoje. Keti chini, kunywa chai. Chai ni bei rahisi kuliko pampu.