Maana ya majina: Kanga na bata mzinga

Juma hili twataka kuyatazama majina ya ndege. Mengine hayana fumbo. Kigong'ota ameitwa hivyo kwa kuwa hugong'ota miti kwa mdomo wake. Dudumizi hujitaja mwenyewe kila aliapo. Waliowapa majina hayo waliwatazama kwanza na kuwasikiliza.

Lakini yako majina yaliyotolewa kwa kubahatisha asili ya ndege, nayo mara nyingi hukosea. Mfano ulio wazi ni bata mzinga. Asili yake ni Amerika. Watu wa Mexico walimfuga tangu kale, kabla Wahispania hawajafika huko katika karne ya 16. Alipopelekwa Ulaya, Waingereza walimwita kwa jina la nchi ya Uturuki. Wafaransa walimwita kuku wa Indi, na ndiyo asili ya neno lao "dinde". Wareno walimwita "peru", kwa jina la nchi ya Peru. Naye hakutoka Uturuki, wala Indi, wala Peru! Nasi tusemao Kiswahili tusiwacheke, maana twamwita bata, naye si bata hata kidogo; ni wa jamaa ya kuku na kanga. Kadhalika bata bukini: Bukini ni jina la kale la Madagaska, lakini asili ya bata huyo wa kufugwa ni Ulaya na Asia.

Je, kanga? Waingereza humwita kuku wa Guinea. Watu wa Brazil humwita kuku wa Angola. Hao wamekaribia kweli, kwa kuwa kanga ni ndege wa Afrika. Walakini si wa Guinea peke yake, wala wa Angola peke yake. Kiswahili chasema kanga, Kinyanja nkhanga, Kishona hanga: ni neno moja la kale la lugha za Kibantu, kama urithi waliogawana wajukuu wa babu mmoja. Na kwetu Dilolo kanga huvuka mpaka wa Angola apendavyo, wala haulizwi karatasi.

Walunda, Wachokwe na Waluvale nao wako pande zote mbili za mpaka, hata Zambia. Hata hivyo, ukitokea ugomvi wa shamba au wa sokoni, twasikia mtu aliyezaliwa na kubatizwa hapa akiitwa "wa Angola", kana kwamba hana haki ya kusema. Hilo si jambo dogo. Katika miaka ya 1992 na 1993, huko Likasi na Kolwezi, watu wa asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa huko huko, waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Kisha wakafukuzwa nyumbani mwao, na wengi wakafa katika safari hiyo.

Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama na ndege, apate kuona atawaitaje. Basi Adamu aliona kwanza, ndipo akataja.

Bata mzinga haumizwi na jina la uongo, jirani huumizwa. Enyi wazazi, mkimsikia mtoto akimwita mwenziwe kwa jina la dharau, msilipitishe kama mchezo. Mwulizeni mwenziwe alibatizwa kwa jina gani, kisha amwite kwa hilo.